Ua la ndani linaumwa? Geuza jani kwanza, dawa baadae

Juzi kati hapa jirani yangu wa Chumbageni, hapa Tanga, kanipigia hodi asubuhi na mapema, kashika kopo lake la mani planti, majani yameiva kama yamemwagiwa maji ya moto. Namuuliza umelifanyaje hili, ananambia "dada si niliona vidudu vyeupe, nikalipulizia dawa ya mende". Basi tena. Vidudu vyenyewe vilikuwa vidung'ata vya kuhesabu, kazi ya robo saa na pamba, ila ile dawa ya kopo imetengenezwa ipigwe kwenye pembe za kabati sio kwenye jani, ina mafuta na ina gesi inayotoka ya baridi kali, jani laini halihimili. Kwahiyo aliyeumiza ua sio kidudu, ni dawa.

Na hilo ndo nalotaka kusema kabla hatujaenda mbali, maua mengi ya ndani ninayoletewa yanakufa kwa matibabu, au kwa maji mengi, wadudu wenyewe wanashika nafasi ya tatu uko. Fuata hivi nnavyofanya mimi, kwa mpangilio huu huu, usiruke.

Hatua ya 1: litenge

Ukiona ua moja halieleweki, litoe kati ya wenzie siku hiyo hiyo. Peleka bafuni kama pana dirisha au nyuma kwenye kivuli, popote pale ila lisigusane jani kwa jani na mengine, na lisikae usawa wa feni maana wadudu wengine ni wepesi kuliko vumbi, feni inawasambaza nyumba nzima we umelala. Nawa mikono kabla hujashika lingine. Ua jipya ulilonunua kwenye vitalu vya barabarani nalo lifanyie hivyo hivyo, likae peke yake wiki mbili, mi nilipuuza hii nikaja kulipa kwa makopo sita.

Hatua ya 2: kagua, tena kwa tochi

Washa tochi ya simu, geuza jani. Sio kuangalia juu, geuza chini, alafu angalia pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina, alafu majani machanga ya juu ambayo hayajakunjuka vizuri. Usipogeuza jani hujakagua. Ukishindwa kuona kwa macho piga picha uikuze, kamera ya simu inaona kuliko sisi tuliopita arobaini.

Utakutana na mmoja kati ya hawa:

Vidung'ata. Wanafanana na vipande vya pamba vilivyosahauliwa kwenye makwapa ya majani. Ukimtumbua mmoja anatoa maji maji, mwengine ya njano mwengine ya pinki. Wanapenda krotoni, mani planti, haibiskasi ya barazani, na wengine wanajificha mpaka kwenye mizizi.

Vidukari, hawa wanarundikana kwenye ncha changa, wa kijani au weusi, wananyonya mpaka jani linajikunja.

Wadudu gamba ndo wanaodanganya watu wengi. Hawatembei, hawaruki, wamekaa kama vipele vya kahawia kwenye shina na kwenye mshipa wa kati wa jani, mtu anadhani ndo ngozi ya ua lenyewe. Kwaruza na ukucha, kikibanduka na chini yake pana unyevu basi ni mdudu huyo.

Inzi weupe utawajua ukitikisa tu, wanaruka kama unga umepeperushwa afu wanarudi kukaa pale pale.

Utitiri. Huyu sio hata mdudu wa miguu sita, ana minane, ndugu wa buibui na kupe. Humuoni, unaona kazi yake, jani linakuwa na vidoti vidoti vya njano iliyopauka kama limemwagiwa mchanga mwembamba, na ukichelewa unaona utando mwembamba kati ya jani na kikonyo. Chukua karatasi nyeupe, weka chini ya jani, ligonge jani mara mbili tatu, tulia hesabu mpaka kumi. Vumbi haliendi popote, ukiona kadoti kanatembea umempata. Hapa Tanga anasumbua kipindi cha kaskazi, kuanzia Desemba mpaka mwezi wa tatu, joto kali mvua hakuna, na vyumba vya kiyoyozi ndo anastarehe kabisa maana hewa ni kavu.

Thripsi, kadudu kembamba kadogo sana, anaacha michirizi ya rangi ya fedha na vidoti vyeusi, vile vidoti ni kinyesi chake.

Alafu vile vijinzi vyeusi vidogo vinavyotoka kwenye udongo ukimwagilia na kukuingia puani ukiangalia runinga. Hivyo jani hata havili, ntaviongelea mbele.

Kidokezo kimoja ambacho bibi yangu alikuwa anakitumia kwenye asumini na mirehani yake, na alikuwa hajui jina la mdudu hata mmoja: waangalie sisimizi. Ukiona sisimizi wana foleni kupanda na kushuka kwenye ua, hawajaja kwa ajili ya ua. Vidung'ata, vidukari na gamba wananyonya utomvu wanatoa maji matamu kama asali, sisimizi wanayafuata na wanawalinda kabisa wasiliwe na wadudu wengine, yani wanawafuga kama ng'ombe. Kwahiyo foleni ikishafika juu ndo hapo hapo pana mifugo. Na yale masizi meusi yanayoshika juu ya jani ni ukungu unaoota kwenye hayo hayo maji matamu, unafutika kwa kitambaa kibichi, ila utarudi usipowatoa waliojuu.

Hatua ya 3: chomeka kidole

Kabla hujachanganya kitu chochote kwenye chupa, ingiza kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Umekauka? Umelowa? Una harufu? Hii hatua watu wanaiona ya kijinga, lakini jani la njano na ua lililonyongonyea lina sababu mbili zinazofanana sura kabisa, kiu na kuzama. Ua lililozama mizizi imeoza haiwezi kunyonya maji, kwahiyo linanyauka kama lina kiu, na wewe kwa huruma unaliongeza maji, unamalizia.

Ukiwa na wasiwasi litoe kwenye kopo. Lilaze ubavu, gonga kopo kwa kiganja, vuta taratibu kwa kushika shina karibu na udongo. Mizizi mizima ni migumu, myeupe au ya krimu. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza, ukiivuta ganda linabaki mkononi na ndani panabaki kauzi, na inanuka kama mhogo ulioloweshwa ukasahaulika. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliousafisha kwa spiriti, usione huruma, acha ua lipumzike kivulini masaa kadhaa vidonda vikauke, rudisha kwenye udongo mpya unaopitisha maji, na usimwagilie siku hiyo kama ni aina yenye vitunguu au viazi chini.

Mfano wa viazi ni ua la zizi (ZZ), lile lenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Watu wanalinunua kwa bei wakidhani limetoka Ulaya kumbe asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, limezoea kukaa miezi bila mvua, chini lina viazi vya kuwekea maji. We unalimwagilia kila siku kama mchicha, lazima life.

Udongo wangu ni hivi, sehemu mbili udongo wa kawaida uliokomaa na samadi ya zamani, sehemu moja mchanga wa mtoni, sehemu moja makumbi ya nazi yaliyochambuliwa nikayaloweka na kubadilisha maji mara tatu nne, maana makumbi yanakuja na chumvi. Mchanga wa baharini usitumie hata kama umeusuuza. Na kopo liwe na tundu! Ndoo ya rangi bila tundu ni kisima.

Hatua ya 4: osha

Sasa umeshamjua adui. Silaha ya kwanza ni maji tu. Funga udongo kwa mfuko wa plastiki uzungushie shina, lipeleke ua bafuni, lilaze kidogo, piga maji chini ya majani kwa nguvu ya wastani huku kiganja kinalishikilia jani kwa nyuma lisivunjike. Utitiri na vidukari nusu yao na zaidi wanaenda na maji hapo hapo. Ua dogo unaliosha jani moja moja kwa sponji, chini na juu. Kwa utitiri hii ya maji irudie kila baada ya siku tatu, kwa joto letu yai linakuwa mzazi ndani ya wiki hivi, ukingoja Jumapili hadi Jumapili anakuzidi hesabu.

Hatua ya 5: sabuni

Lita moja ya maji, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo isiyo na makorokoro mengi, au kwangua sabuni ya mche kijiko kimoja cha chai uyeyushe kwenye maji ya vuguvugu. Basi. Sio vijiko vinne ili "ifanye kazi haraka". Sabuni ya unga ya kufulia hapana, ina vitu vikali vinababua majani.

Hapa pana jambo la kwetu sisi wa pwani. Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi, sabuni haitoi povu, inaganda kama mtindi mwembamba, na ikiganda imeshapoteza nguvu na chupa yako ya kupulizia inaziba. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Testi yake rahisi, tikisa, kama povu halikai hata dakika moja mwaga.

Jaribu kwenye jani moja, subiri mpaka kesho. Likiwa zima, puliza ua zima jioni jua limeshapungua, chini ya majani ndo hasa, mpaka lichuruzike. Sabuni inaua kwa kumgusa mdudu mwenyewe akiwa amelowa, ikishakauka haifanyi kitu, kwahiyo uliyemkosa umemkosa. Baada ya saa moja mbili suuza na maji safi. Rudia kila siku 5 mpaka 7, mara tatu au nne, sababu mayai hayafi na sabuni na watoto wanaanguliwa kila siku. Watu wengi wanapuliza mara moja wanaona kimya wanaacha, wiki mbili baadae wanasema dawa feki.

Maua yenye majani ya manyoya, na yale yenye unga unga wa nta kama sakulenti (yale ya majani manene yenye maji ndani), usiyapulizie sabuni.

Kwa vidung'ata na gamba fanya hivi kabla ya sabuni: kijiti cha pamba cha masikio, chovya kwenye spiriti ya duka la dawa, mguse mmoja mmoja. Ile pamba yake inayeyuka palepale anageuka kahawia, ndo ameenda. Nlivyomshikia kopo jirani yangu tulikaa barazani mimi na yeye na vijiti kumi na tano, tunageuza kwapa kwa kwapa, na pale kwenye kifundo ambapo jani jipya limejikunja ndani tulikuta familia nzima, mama na watoto wa rangi ya waridi wadogo kama chembe ya chumvi. Gamba wao wanatolewa kwa mswaki wa zamani, maana wakubwa wana ngao, sabuni haiwafikii. Kaa mbali na jiko ukishika spiriti.

Hatua ya 6: mwarobaini

Tumezungukwa na miarobaini mji mzima afu mtu anaagiza dawa. Majani mabichi kilo 1 twanga, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa (chuja kweli, la sivyo chupa inaziba), ongeza sabuni kidogo ile ile ili ishike kwenye jani, puliza. Mbegu zina nguvu zaidi ya majani, msimu wa matunda yakianza kuanguka okota, osha nyama yake, anika kivulini, gramu 50 za mbegu iliyotwangwa kwa lita moja.

Usitegemee kuona maiti. Mwarobaini haumpigi mdudu akafa papo, unamkatisha hamu ya kula na unamvuruga asiweze kujivua ngozi na kukua, kwahiyo subira. Jua linauharibu haraka, puliza jioni, na maji yaliyobaki usiyatunze wiki nzima, yananuka na hayana kazi tena. Nyumba itanuka uchungu siku moja, vumilia.

Dawa za shambani usiingize sebuleni. Hasa zile za kupimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, hujui ni nini, hujui kipimo, na una watoto wanaojua kuwa chupa ya soda ni ya kunywa.

Vijinzi vya udongo

Vikubwa vinakera tu, funza wake ndo wako kwenye udongo, wadogo, mwili unaonekana mpaka ndani, kichwa cheusi, wanakula ukungu na vimizizi laini. Dawa yake ni ukame. Acha juu pakauke sentimita 3 hivi kabla ya kumwagilia tena, au mwagilia kwa chini, kopo likae kwenye beseni la maji nusu saa afu litoe. Ukitaka kujua hali ikoje kata kislesi cha kiazi mviringo, laza juu ya udongo, kesho kutwa kigeuze, utawakuta wamejaa chini yake wanakula, tupa na kiazi chake uweke kingine. Wakubwa unawanasa kwa kipande cha plastiki ya njano, kata kwenye dumu la mafuta, paka mafuta ya mgando, chomeka kwenye kopo. Hiyo hiyo inanasa na inzi weupe. Endelea kama wiki tatu nne.

Sisimizi wakizidi, weka kopo juu ya tofali ndani ya sahani ya maji yenye tone la sabuni, kama tunavyoweka miguu ya kabati la chakula kwenye vikopo vya maji. Ila ile sahani imwage na uisugue angalau mara moja kwa wiki, na visahani vya chini ya makopo vyote hivyo hivyo, mbu wa dengi anataga kwenye maji madogo namna hiyo hiyo, na mwaka 2019 homa ile ilivyopita Dar na hapa Tanga hatujasahau.

Konokono barazani kipindi cha masika, toka usiku na tochi waokote. Usimwage chumvi kwenye kopo, utamuua konokono na ua.

Yasiyo wadudu

Ncha za majani kukauka kahawia na utando mweupe kwenye udongo au mdomo wa kopo: ni chumvi, ya maji ya kisima au ya mbolea. Kwangua utando, mwagilia maji mengi kiasi cha kopo mara mbili yapite yote yatoke chini, rudia kila baada ya miezi kadhaa. Masika yakianza tega ndoo.

Mabaka makavu meupe au kahawia upande wa dirishani ni jua, sogeza. Shina refu jembamba lenye majani machache ni giza. Majani ya chini moja moja kuwa njano mara moja moja ni uzee tu, acha kupaniki. Madoa ya kahawia yenye duara la njano yanayosambaa ni ukungu au bakteria, kata majani hayo, acha kumwagia majani maji usiku, achanisha makopo hewa ipite.

Lile la Usambara

Naulizwa sana kuhusu lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, vayoleti ya Afrika. Hili ni letu. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja mtawala wa huku, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, sasa limejaa madirishani dunia nzima na sisi tunalinunua kama mgeni. Porini linakaa kwenye miamba yenye kivuli na ubaridi kule Usambara, kwahiyo mjini hapa linateseka na joto, liweke sehemu ya nyumba iliyo baridi kuliko zote. Usilimwagie maji juu, jani linapata madoa na katikati panaoza, mwagilia kwa chini. Vidung'ata wake watoe kwa brashi laini ya rangi, spiriti kidogo sana. Na likianza kujikunja kule katikati majani yakawa madogo, magumu, ya mvi mvi, huyo ni utitiri wa aina nyingine asiyeonekana hata kwa kamera, mi nalitupa na udongo wake, sijawahi kulishinda.

Kama halifai tena

Usitupe lote haraka. Lile la jirani yangu tulikata ncha tatu zisizoungua, kila moja ina kifundo kimoja au viwili, tukazisugua kwa sabuni na kuzisuuza, tukaziweka kwenye chupa ya maji, kifundo kizame jani lisizame, maji yanabadilishwa kila baada ya siku nne. Udongo wa zamani tumeuanika kwenye bati juani, hauingii kwenye kopo la ndani tena, utaenda kwenye mpapai. Jana kanitumia picha, ncha mbili zimetoa mizizi myeupe urefu wa punje ya mchele, ya tatu imeoza. Mizizi ikifika kama urefu wa kidole ntampelekea udongo, na ile dawa ya mende ashairudisha jikoni.